Mang'amung'amu: unachokiona mlangoni mwa usingizi si ushahidi

Kiswahili hakikosi maneno ya usingizi. Kuna anayesinzia, kuna aliyepitiwa, kuna aliyekesha bila kupata hata lepe, na kuna aliyelala usingizi wa pono hata ukimpigia ngoma sikioni hajui. Katikati ya hao wote lipo neno moja ambalo vijana wetu wameanza kulisahau: mang'amung'amu. Ni ile hali ya mtu kuwa si macho kamili wala si usingizini kamili. Sikio linasikia lakini akili haipambanui. Jicho limefumba na bado linaona.

Nataka tuizungumze hali hii leo kwa sababu mbili. Ya kwanza, kila mmoja wetu hupita hapo kila siku, akiingia usingizini na akitoka, na ni wachache walioelezwa nini hutokea. Ya pili ni nzito zaidi. Hapa kwetu Pwani, yanayoonwa katika dakika hizo chache yamegombanisha majirani, yamemaliza akiba za watu kwa waganga, na yamewatia wazee wasio na hatia hatarini. Kwa hivyo hili si jambo la madaktari peke yao. Ni jambo la mtaa.

Mlango una dakika chache

Mwaka 1848 mwanachuoni mmoja wa Ufaransa, Alfred Maury, aliipa hali hii jina la kitaalamu, hipnagojia, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kuongoza usingizini. Maury alijichunguza yeye mwenyewe, akiandika sura na sauti zilizomjia alipokuwa akifumba macho.

Ilibidi kungoja hadi mwaka 1924 ndipo daktari wa Ujerumani, Hans Berger, alipofaulu kunasa umeme wa ubongo wa mwanadamu kwa vifaa vilivyobandikwa kichwani. Tangu hapo usingizi ukawa na ramani. Mtu akifumba macho na kutulia huku bado yu macho, ubongo wake hutoa mawimbi yaitwayo alfa, yanayopiga kati ya mara 8 na 13 kwa sekunde. Anapoanza kusinzia, mawimbi hayo hutoweka na badala yake huja ya polepole zaidi, ya theta, kati ya mara 4 na 7 hivi kwa sekunde. Macho huanza kuzunguka taratibu chini ya kope. Misuli hulegea, kichwa kikainama. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya usingizi. Kwa kawaida huchukua dakika chache tu, na kwa mtu mzima mwenye afya hatua hiyo ni kama asilimia 5 ya usiku mzima.

Jambo la ajabu ni hili: ukimwamsha mtu akiwa katika hatua hiyo, mara nyingi atakuapia kuwa hakuwa amelala. Sote tunamjua mzee anayekoroma kwenye kiti mbele ya televisheni, ukibadilisha stesheni anasema, "Wacha hapo, mimi natazama." Hasemi uongo. Yeye mwenyewe hajui.

Sababu mojawapo ni kwamba ubongo haulali wote kwa pamoja. Ndani kabisa, katikati ya ubongo, kuna sehemu iitwayo thalamasi. Hiyo ni kama bawabu. Karibu kila unachokisikia, unachokiona na unachokigusa hupitia kwake kabla ya kufika kwenye gamba la juu la ubongo, ambako ndiko tunakofikiri. Mwaka 2010 watafiti wa Ufaransa walionyesha kuwa wakati wa kuingia usingizini bawabu huyu hutangulia kulala, na gamba la juu huchelewa kumfuata kwa dakika kadhaa.

Fikiria nyumba ambayo bawabu ameshalala lakini wenye nyumba bado wako macho ukumbini. Habari za nje haziingii tena. Wenye nyumba hawajui kuwa mlango umefungwa, basi wanaendelea kuzungumza wao kwa wao na kudhani kuwa sauti zile zinatoka nje. Hayo ndiyo mang'amung'amu.

Tunayoyaona huko

Wengi huona rangi, nukta za mwanga, sura za watu wanaokuja na kubadilika. Wengine husikia mlango ukigongwa au jina lao likiitwa, mara moja tu, kwa sauti ya wazi. Mimi nimewahi kumsikia marehemu nyanya yangu akiniita hivyo, kwa lile jina la utotoni ambalo hakuna mwingine aliyelitumia. Wengine huhisi wanaanguka kutoka juu, mguu ukaruka na mwili mzima ukagutuka. Kugutuka huko ni jambo la kawaida kwa watu wazima na watoto, na huzidi kwa mtu aliyechoka sana, mwenye wasiwasi, au aliyekunywa kahawa tungu usiku.

Je, sura hizo zinatoka wapi? Mwaka 2000 mtafiti wa Marekani, Robert Stickgold, na wenzake walichapisha jaribio moja lenye mafunzo makubwa. Waliwapa watu mchezo wa kompyuta uitwao Tetris, ule wa vipande vinavyoshuka na kupangwa. Usiku, watu walipokuwa wakiingia usingizini, waliulizwa wanaona nini. Wengi walisema wanaona vipande vikishuka. Miongoni mwao walikuwamo wagonjwa 5 waliopoteza uwezo wa kuweka kumbukumbu mpya. Hawa hawakukumbuka hata kuwa wamecheza mchezo wowote, na juu ya hivyo 3 kati yao waliona vipande vile vile.

Maana yake ni kwamba mlangoni mwa usingizi ubongo hurudia kilichoushughulisha mchana, hata kama wewe mwenyewe hukikumbuki. Aliyeshinda akikuna nazi za harusi huona nazi. Dereva huona taa za magari. Na aliyeshinda akimwogopa mtu, huona nini? Tulishike swali hilo, tutalirudia.

Wanavyuoni wetu wa fiqhi hawakuwa na mashine za Berger, lakini mpaka huu waliujua. Ayatul Kursiyyu, ambayo wengi wetu huisoma kabla ya kulala, inataja vitu viwili mbalimbali, kusinzia na usingizi. Katika madhehebu ya Shafii tunayoyafuata wengi hapa Pwani, kusinzia peke yake hakutengui udhu. Usingizi hutengua, isipokuwa kwa aliyelala ameketi na makalio yake yamekaa imara. Basi ilibidi wanavyuoni waeleze tofauti ni ipi. Wakasema, alama ya kusinzia ni kuwa mtu husikia maneno ya walio karibu naye ingawa hayaelewi, na kuona ndoto ni alama ya usingizi. Kwa waliotegemea macho na masikio yao peke yake, hayo ni maelezo ya mafundi.

Mlango wa fikra

Tusiuone mlango huu kuwa wa vitisho tu. Mwaka 2021 watafiti wa Paris waliwapa watu 103 mafumbo ya hesabu yenye njia ya mkato iliyofichwa, kisha wakawaacha wapumzike wakiwa wameshika kikombe mkononi. Mkono ukilegea kikombe kinaanguka na mtu anaamka. Waliokaa angalau sekunde 15 katika ile hatua ya kwanza ya usingizi, asilimia 83 yao waliigundua njia ya mkato baadaye. Waliobaki macho ni asilimia 30 tu walioigundua. Na waliozama zaidi usingizini faida hiyo iliwapotea.

Mkemia wa Ujerumani, August Kekulé, alisimulia mwaka 1890 mjini Berlin kwamba umbo la molekuli ya benzini lilimjia alipokuwa akisinzia mbele ya moto, akamwona nyoka anayeuma mkia wake mwenyewe. Wengi hukisimulia kisa hiki na kuishia hapo. Lakini Kekulé aliongeza wasia: tusitangaze ndoto zetu kabla ya kuzipima kwa akili iliyo macho. Baada ya kumwona nyoka alikesha akifanya hesabu kuona kama fikra ile inasimama. Ndoto ilimpa wazo, na kulithibitisha ikawa kazi ya mchana.

Wasia huo ndio ninaoutaka mimi leo, kwa jambo zito kuliko kemia.

Shahidi asiyejijua

Kwanza tutazame jambo moja la barabarani, kwa sababu linaonyesha jinsi mtu aliye mlangoni asivyoweza kujitegemea. Dereva anayetoka Mombasa usiku kwenda Nairobi, akifika nyika za Tsavo barabara imenyooka na redio imenyamaza, anaweza kuchukuliwa na usingizi kwa sekunde 2 au 3 huku macho yake yakiwa wazi. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hukata mita 22 hivi kila sekunde. Sekunde 3 ni mita 66 bila dereva. Akizinduka, mwenyewe hatajua kuwa alikuwa hayupo. Ataona tu kwamba lori lililokuwa mbali sasa liko mbele yake.

Ikiwa mtu katika hali hiyo hajui hata kama alilala au hakulala, vipi tutamwamini kuhusu nani alisimama mlangoni pake?

Jinamizi

Sasa tuje kwenye lile linalowatisha wengi. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alinijia barazani baada ya swala ya alasiri, uso umemsawijika. "Ami," akaniambia, "leo alfajiri nimekaliwa kifuani. Nawaona watu wote chumbani, nataka kupiga kelele, sauti haitoki. Na kando ya mlango kuna mtu mweusi amesimama."

Waswahili tunaita kukabwa na jinamizi, au kulaliwa. Wajapani wanaita kanashibari, kufungwa kama kwa chuma. Watu wa Newfoundland, kule Kanada, husema ni bibi kizee anayewakalia. Waarabu wana majina mawili, kabusi na jathumu. Watu hawa hawakukaa pamoja wakashauriana, na bado wanaeleza jambo lile lile: mwili haujongei, kifua kinabanwa, na kuna mtu chumbani. Kinachobadilika ni sura ya adui. Kila mmoja humwona adui wa kwao.

Mwaka 1953, katika Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman walieleza hatua ya usingizi ambamo macho hukimbia huku na huku chini ya kope, na ndoto nyingi zilizo wazi hutokea humo. Baadaye ikafahamika kuwa katika hatua hiyo shina la ubongo huizima misuli ya mwili, isipokuwa ya macho na ule msuli mkuu wa kupumulia ulio chini ya mbavu. Hii ni rehema. Bila ya kuzimwa huko, anayeota anakimbia angeinuka kitandani akakimbia kweli, na anayeota anapigana angempiga aliyelala kando yake.

Jinamizi hutokea akili inapoamka kabla ya kufuli hilo kufunguliwa. Umeamka, unaona dari, unaona chandarua, lakini misuli bado imezimwa na ndoto bado haijakwisha. Unataka kuvuta pumzi kubwa na huwezi, kwa sababu misuli ya kifua haikutii, basi unahisi kuna kitu kimekukalia. Unataka kupiga kelele, ulimi haupo. Ubongo unaingiwa na hofu, na ubongo wenye hofu humtafuta wa kumwogopa. Ndipo kivuli cha mlangoni kinapopata kichwa na mabega. Yote hayo huchukua sekunde kadhaa au dakika chache, kisha kufuli hufunguka lenyewe.

Si jambo la watu wachache waliologwa. Mwaka 2011 watafiti walikusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali wakakuta kuwa karibu asilimia 8 ya watu wamewahi kukabwa angalau mara moja maishani, na kwa wanafunzi idadi hiyo inapanda hadi asilimia 28. Kwa nini wanafunzi? Kwa sababu wanakesha, wanalala ovyo na wana wasiwasi wa mitihani.

Na jinamizi limewahi kuitwa kwa makusudi. Mwaka 1992 watafiti wa Japani waliwaamsha watu katikati ya usingizi, wakawaweka macho kwa muda, kisha wakawarudisha kulala. Baadhi yao wakakabwa pale pale maabarani, mashine zikiandika kila kitu. Hapakuwa na mchawi wala kafara, ulivurugwa usingizi tu. Kumbuka hilo unapotazama ratiba zetu za Ramadhani, tunapokesha hadi usiku wa manane, tukaamka kula daku, kisha tukarudi kulala baada ya alfajiri. Kumbuka hilo pia unapowatazama vijana wanaotafuna muguka hadi saa nane za usiku, kisha wakajitupa kitandani chali.

Wala elimu hii si ya kizungu peke yake. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita tabibu wa Kiislamu Al-Akhawayni wa Bukhara, aliyefariki mwaka 983, aliandika mlango mzima kuhusu kabusi katika kitabu chake cha tiba. Alisema husababishwa na mvuke unaopanda kutoka tumboni hadi kwenye ubongo. Kuhusu mvuke alikosea, lakini kuhusu mahali pa kutafuta chanzo alipatia: aliutazama mwili wa mgonjwa, hakuwatazama majirani zake.

Hofu huzaa hofu

Kuna utafiti mwingine unaotuhusu zaidi. Walilinganishwa watu wa Denmark na watu wa Misri waliowahi kukabwa. Wamisri, ambao wengi wao huamini kuwa ni kazi ya jini, walieleza kukabwa kwa muda mrefu zaidi na kuogopa zaidi kuwa watakufa. Jambo ni lile lile kwa mwili, lakini maelezo anayokwenda nayo mtu kitandani hulifanya kubwa au dogo. Anayeogopa kukabwa hulala vibaya, na anayelala vibaya hukabwa zaidi. Akienda kwa mganga akaambiwa kuna mtu anayemtuma jini, hofu inapata jina na uso, na usiku unaofuata unakuwa mbaya kuliko wa jana.

Ndipo tunaporudi kwenye lile swali letu. Ikiwa mcheza Tetris huona vipande, aliyeshinda akimfikiria jirani yake huona nini? Umegombana na ami yako juu ya mpaka wa shamba. Mtoto wako anaumwa na umesikia maneno kuwa bibi fulani ana mkono mbaya. Unalala na hofu hiyo. Alfajiri unakabwa, unamwona mtu amesimama, na uso wake ni ule ule uliolala ukiufikiria. Utaapa kuwa umemwona, na kweli umemwona. Lakini uso ule umetoka ndani ya kichwa chako mwenyewe. Yeye alikuwa kwake amelala.

Haya si mambo ya kufikirika. Mwaka 1995 visiwa vya Pemba na Unguja vilikumbwa na hofu ya Popobawa, kiumbe aliyesemwa kuwa huwaingilia watu usiku vitandani, huwakandamiza na kuwadhalilisha. Watu walilala nje kwa makundi, wakiwasha moto na kukesha. Watafiti walioyachunguza maelezo ya walioshambuliwa wameona ndani yake alama za jinamizi: kuamka, kushindwa kujongea, kubanwa, kuhisi mtu chumbani. Na katika hofu hiyo mjini Zanzibar umati ulimuua mtu mgonjwa wa akili kwa kudai kuwa yeye ndiye Popobawa. Alikufa kwa jambo ambalo wengine waliliona wakiwa kati ya kulala na kuamka.

Na huku kwetu Kilifi, tunasikia mwaka baada ya mwaka habari za wazee waliouawa kwa kusingiziwa uchawi, wengine na watu wa nyumba zao wenyewe. Huko Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee waliofukuzwa makwao au waliotishiwa maisha. Sababu za mauaji haya ni nyingi, na mara nyingi ardhi na urithi zimo ndani. Sisemi kuwa kila kisa kimeanzia kitandani. Lakini mwenye tamaa ya shamba huhitaji ushahidi wa kuwashawishi wengine, na "nimemwona usiku amenikalia" ni ushahidi rahisi kupatikana na mgumu kupingwa, kwa sababu anayeusema huwa anauamini kwa dhati.

Kuhusu majini

Najua kuna atakayesema, ndugu yetu huyu anakanusha majini. Sikanushi. Kuwepo kwa majini ni katika imani yetu na sina neno juu yake. Ninachosema ni kwamba kuwepo kwao hakukupi ruhusa ya kumtaja jirani yako.

Dini yenyewe imetufunga mdomo hapa. Tumefundishwa kuwa ndoto ni za namna tatu: njema inayotoka kwa Mwenyezi Mungu, ya kutisha inayotoka kwa shetani, na ile ambayo ni mazungumzo ya nafsi ya mtu mwenyewe. Tumefundishwa pia kuwa anayeona jambo la kumchukiza ajikinge kwa Mwenyezi Mungu na asimsimulie mtu, nalo halitamdhuru. Na wanavyuoni wamekubaliana kuwa hukumu haithubutu kwa ndoto. Kadhi hatakata kesi ya ng'ombe kwa ndoto. Vipi sisi tukate kesi ya roho ya mtu?

La kufanya

Ukikabwa, usishindane na mwili mzima. Jua kwamba unapumua, hata kama huhisi hivyo, na kwamba jambo hili lina mwisho wa karibu. Tulia, leta dhikri moyoni, kisha elekeza nguvu kwenye kitu kidogo: ncha ya kidole cha mguu au cha mkono. Kidole kikijongea, mara nyingi kufuli lote hufunguka. Ukizinduka, keti kidogo, unywe maji, usirudi kulala papo hapo ukiwa chali.

Ili lisirudi, lala saa zile zile kila siku kadiri unavyoweza. Kukabwa hutokea zaidi kwa anayelala chali, kwa hivyo lala ubavu, na ubavu wa kulia ndio sunna. Punguza kahawa, miraa na muguka usiku. Weka simu mbali na mto.

Mtoto wako akikwambia amekabwa, usimwambie ana jini kabla hata hajamaliza maneno yake. Mwambie, "Mwanangu, hilo huwapata watu wengi, wala halikudhuru." Maneno hayo peke yake ni nusu ya dawa.

Lakini ziko alama za kwenda hospitali wala si kungoja. Anayekabwa mara kwa mara na pia kushikwa na usingizi mzito mchana hata akiwa kazini, au kuishiwa nguvu magoti anapocheka, huenda ana ugonjwa wa usingizi uitwao nakolepsia. Anayekoroma sana na kuzinduka akitafuta pumzi ana tatizo la njia ya hewa. Anayetetemeka mwili mzima, kuuma ulimi au kujikojolea usingizini achunguzwe kifafa. Maradhi haya yana matibabu, na kila mwezi unaopotea kwenye kombe na hirizi peke yake ni mwezi mgonjwa anaoteseka bure.

Mwisho, ombi langu kwa maimamu, walimu wa madrasa, wazee wa mitaa na kina mama wa vikundi. Siku mtu atakapokuja kwenu asubuhi akisema, "Usiku nimemwona fulani," muulizeni kwanza: ulikuwa umelala au u macho? Ulikuwa chali? Ulikuwa umekesha siku ngapi? Ulikuwa na ugomvi naye? Muulizeni kwa upole, kwa sababu hofu yake ni ya kweli. Na jina alilolitaja libaki hapo hapo mlipoketi. Likishatoka nje likafika kwa vijana wenye mapanga, hakuna tena atakayeuliza kama mwenye kulitaja alikuwa macho au alikuwa katika mang'amung'amu.